Kutoka Mada Pana hadi Swali la Utafiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi walio kwenye hatua ya pendekezo la utafiti: wa shahada ya kwanza wenye mradi wa mwaka wa mwisho, wa umahiri na wa uzamivu. Maswali ni yale yanayoletwa kwangu kila msimu wa mapendekezo. Mifano mingi inatoka kwenye elimu, historia, Kiswahili na sayansi za jamii. Mmoja, wa kilimo cha mwani, nimeurefusha kwa makusudi, kwa sababu ushauri wa jumla haumsaidii mtu anayekaa mbele ya ukurasa mtupu.

Mada na swali la utafiti vina tofauti gani?

Mada ni eneo la kusoma. "Wanawake na kilimo cha mwani Zanzibar" ni mada, na mtu anaweza kuisoma maisha yake yote asiimalize. Swali la utafiti ni jambo moja ndani ya mada hiyo ambalo hujui jibu lake, ambalo waliokutangulia hawajalimaliza, na ambalo unaweza kulijibu kwa ushahidi utakaoupata ndani ya muda ulio nao. Masharti yote matatu lazima yatimie. Swali ambalo unajua jibu lake tayari ni hotuba. Swali lililokwisha kujibiwa ni somo la darasani. Swali lisilo na ushahidi unaofikika ni ndoto njema, lakini halitakupa shahada.

Nitajuaje kwamba mada yangu bado ni pana mno?

Jaribu kumtaja mtu wa kwanza utakayekwenda kumhoji, au faili la kwanza utakaloomba kwenye chumba cha nyaraka, au kipimo cha kwanza utakachochukua. Ukishindwa kutaja hata kimoja, bado uko kwenye mada. Dalili nyingine ni mapitio ya machapisho yasiyoisha: kila makala unayosoma inaonekana kukuhusu, na huna sababu ya kuiacha hata moja. Swali lililobanwa vizuri hukuruhusu kusema, "Makala hii ni nzuri, lakini si yangu," na kuifunga.

Tazama pia neno "na" kwenye kichwa chako. "Lugha, utamaduni na maendeleo ya vijana" ni tasnifu tatu.

Nimetaja wilaya na nimetaja miaka. Je, hapo sijabana?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonifanya niandike ukurasa huu. Jibu ni hapana, mara nyingi hujabana. Umepunguza eneo la kutembea, lakini hujagusa jambo unalotaka kulijua.

Chukua kichwa ambacho kila idara imekiona kwa sura moja au nyingine: "Changamoto za ufundishaji wa Hisabati katika shule za sekondari: Uchunguzi kifani wa Wilaya ya Kisarawe." Sasa futa Kisarawe, andika Kahama. Je, kuna chochote kitakachobadilika kwenye tatizo la utafiti, kwenye malengo, kwenye hojaji? Hakuna. Wilaya imewekwa pale kwa sababu mwanafunzi ana ndugu wa kufikia au ana shule anayoifahamu. Sababu hizo ni za halali kabisa kwa mwenye bajeti ndogo, lakini haziugeuzi upana kuwa swali. Matokeo yake yanajulikana kabla hujapanda basi: uhaba wa vitabu, uhaba wa walimu, msongamano darasani, wazazi kutoshirikiana na shule. Unarudi na orodha ambayo mwalimu yeyote angekuandikia akiwa amesimama.

Mahali panafanya kazi pale panapokupa kitu ambacho hukipati mahali pengine. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, Tarime upande mmoja na Migori upande wa pili. Jamii ni moja, lugha ya nyumbani ni moja, lakini watoto wanakwenda shule chini ya sera mbili za lugha: upande wa Tanzania shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na upande wa Kenya Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia madarasa ya juu ya msingi. Mtu anayetaka kujua sera ya lugha inafanya nini kwa mtoto anayezungumza Kikuria nyumbani ana sababu ya kwenda hapo hasa. Ukifuta Sirari na Isebania, miji miwili ya mpaka huo, kwenye kichwa chake, utafiti wote unaanguka. Hapo mahali pamebeba swali.

Miaka nayo ni vivyo hivyo. "Kuanzia 2010 hadi 2020" ni muongo tu, hauna kazi. Lakini Tanzania ilianza kutekeleza elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016. Anayechunguza uandikishaji kati ya 2013 na 2018 ana miaka mitatu kabla ya sera na miaka mitatu tangu ilipoanza, na anaweza kuuliza kitu mahususi: je, watoto walioongezeka ni wale waliokuwa wamekosa shule kabisa, au ni wale ambao wangeingia hata hivyo ila wakiwa wamechelewa umri? Kipindi chake kina bawaba katikati. Nawe ukitaja miaka, tafuta bawaba.

Naomba kuona mada moja ikibanwa hatua kwa hatua.

Tuanze na "Mchango wa kilimo cha mwani kwa wanawake Zanzibar."

Kwanza soma. Usisome kila kitu, lakini soma vya kutosha kujua hadithi iko wapi. Kwa mada hii ningeanza na kazi za Dkt. Flower Msuya, aliyeutafiti mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utakachokusanya ni hiki: kilimo cha biashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, pande za Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili, spinozamu na kotonii. Mwani hukaushwa na kupelekwa nje, ambako hukamuliwa karajinani, kitu kinachotumika kuvifanya vyakula na dawa za meno kuwa vizito, visiwe majimaji. Kotonii hupata bei nzuri kuliko spinozamu. Lakini tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa kwenye maji mafupi yanayopata joto kali, na wakulima wengi wamebaki na spinozamu ya bei ndogo.

Simama hapo. Sentensi mbili za mwisho zina mgongano: zao lenye bei ndilo wanaloshindwa kulilima. Mgongano kama huu ndio unaoutafuta unaposoma. Wengi hupita juu yake kwa sababu macho yao yanatafuta nukuu za kujaza mapitio.

Sasa ufuate. Watafiti wamependekeza kulima kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto ni dogo, kwa kamba au neti zinazoelea. Kwenye karatasi tatizo limekwisha. Baharini mambo ni mengine. Maji ya kina yanataka chombo, yanataka mtu asiyeogopa kuogelea, na yanabadilisha saa za kazi. Anayelima maji mafupi hufuata bamvu: bahari ikitoka sana, anakwenda kwa miguu hadi kwenye vigingi vyake na kamba zake; yakiingia maji mafu, bahari isipotoka sana, anarudi kwenye shughuli nyingine za nyumbani na za kipato. Mpangilio huo umezoeana na malezi, mapishi na shamba la bara. Ukimhamishia kinani, unamhamisha na siku yake nzima.

Tujaribu kuandika swali. Rasimu ya kwanza: "Kilimo cha mwani kina mchango gani kwa wanawake?" Hii bado ni mada. Rasimu ya pili: "Kwa nini wanawake hawalimi kotonii kwenye maji ya kina?" Imesogea, lakini ina makosa mawili. Imekwisha kuamua kwamba hawalimi, jambo ambalo linapaswa kuthibitishwa kwanza. Na haina ulinganisho: ukiwauliza wasiolima peke yao, kila sababu watakayoitoa itaonekana kweli, na hutakuwa na namna ya kujua ipi ina uzito.

Rasimu ya tatu: "Miongoni mwa wanawake wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja waliopata nafasi ya kujaribu kulima mwani kwenye maji ya kina, ni nini kinachowatofautisha walioendelea na walioacha?"

Hili ni swali. Lina watu wanaotajika. Lina makundi mawili ya kulinganisha. Na lina majibu zaidi ya moja yanayoweza kuwa kweli, kila moja likiwa na ushahidi wake. Kama jibu ni chombo, walioendelea watakuwa na boti au ndugu mwenye boti. Kama ni kuogelea, utaliona kwa waliopata mafunzo na wasiopata. Kama ni muda, utalinganisha ratiba za wenye watoto wadogo na za wenye watoto wakubwa. Kama ni nani anashika pesa za mauzo, itabidi uulize maswali ya ndani ya nyumba, na kwa hilo utahitaji msaidizi mwanamke anayeaminika kijijini, utaratibu wa ridhaa ulioandaliwa vizuri, na subira.

Kabla hujaliandika kwenye pendekezo, nenda au piga simu uhakikishe kwamba kijiji chenye makundi hayo mawili kipo na idadi yao inatosha. Kama hakuna aliyewahi kujaribu kina, swali lako halina watu, na bora ulijue leo kuliko baada ya kutetea pendekezo.

Utaona kwamba katika kufika hapa hatukuanza kwa kukata eneo. Tulianza kwa kutafuta mgongano, na kijiji kikaja chenyewe mwishoni kwa sababu swali lilikihitaji.

Je, fani tofauti zingepata swali lilelile?

Hapana, na hili linafaa kukupa moyo. Mtu wa sayansi ya bahari angeuliza kama spinozamu inayoning'inia kinani inakua haraka kuliko ile ya maji mafupi kwenye mzunguko mmoja wa mavuno, wa wiki sita hivi, na angepima uzito na joto la maji. Mwanahistoria angeuliza jinsi kazi ya mwani ilivyogeuka kuwa kazi ya wanawake katika muongo wa kwanza baada ya 1989, na angewatafuta waliokuwepo. Mwanaisimu angekusanya istilahi ambazo wakulima wenyewe wamezitunga au kuzikopa kwa aina za mwani, vifaa na magonjwa yake. Mada moja, maswali manne, na hakuna anayeweza kutumia data ya mwenzake kujibu lake. Ukikwama, jiulize fani yako inashika ushahidi wa aina gani. Mara nyingi jibu la hapo hukata nusu ya upana.

Nisome kwanza au niandike swali kwanza?

Andika swali baya leo, kisha soma ukiwa nalo mkononi. Anayesoma bila swali hukusanya kila kitu. Anayeshikilia swali la siku ya kwanza bila kusoma hugundua mwezi wa nne kwamba limejibiwa kitambo. Kila baada ya makala nne au tano rudi uliandike upya, na usifute rasimu za zamani. Msimamizi akikuuliza umefikaje hapo, zile rasimu ndizo zitakazokujibia.

Pengo la maarifa ni nini hasa? Kwangu hakuna aliyewahi kutafiti wilayani kwetu.

Kutotafitiwa kwa wilaya yako hakufanyi pengo. Tanzania ina wilaya nyingi, na karibu kila jambo lina wilaya ambayo halijatafitiwa. Pengo ni pale ambapo kutojua kwetu kunazuia kitu: nadharia mbili zinatabiri matokeo tofauti na hakuna aliyezipambanisha, watafiti wawili wamefika mwisho unaokinzana, sera inategemea dhana ambayo hakuna aliyeipima, au kundi fulani la watu limezungumziwa na wote lakini halikuwahi kuulizwa lenyewe.

Mfano wa la mwisho. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi. Unaweza kuwauliza maofisa elimu wanasemaje kuhusu utekelezaji. Lakini msichana aliyepewa ruhusa ya kurudi na akachagua kutorudi, au akarudi kisha akaacha tena, anajua jambo ambalo ofisa halijui. Hapo pana pengo la kweli, na lina mahitaji mazito ya maadili ya utafiti ambayo lazima uyapange tangu mwanzo.

Kwa nini msimamizi hukata maneno kama "athari", "mchango", "nafasi" na "changamoto"?

Kwa sababu maneno hayo yanakuruhusu kuandika bila kusema nani anafanya nini. "Nafasi ya mitandao ya kijamii katika kukuza Kiswahili" haina mtu ndani yake. Weka mtu na kitendo: "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika makundi ya WhatsApp ya darasa lao huhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza wakati gani: wanapozungumzia nini, na wanapomjibu nani?" Sasa unajua data ni nini, ni ujumbe ulioandikwa, na unajua kwamba utahitaji ridhaa ya wanakikundi wote, si ya kiongozi wao tu.

"Athari" ina mtego wa ziada. Ukiitumia umedai kwamba jambo moja limesababisha jingine. Kuwahoji watu 60 kama wanaona kuna athari hakuthibitishi kuwa ipo. Kunathibitisha kwamba wanaiona. Kama unachoweza kukusanya ni mitazamo, sema waziwazi kwamba swali lako ni la mitazamo. Ni swali halali.

Swali langu ni zuri, lakini wataalamu kwenye utetezi wa pendekezo walisema zana hailingani nalo. Walimaanisha nini?

Walimaanisha kwamba unauliza jambo moja na unapima lingine. Hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri yanapovunjika, kwa hiyo nitalieleza kwa mfano. Lugha rasmi ya kufundishia katika sekondari za Tanzania ni Kiingereza. Mwanafunzi anauliza: "Walimu wa Biolojia wa kidato cha kwanza hutumiaje Kiswahili wanapofundisha?" Swali zuri sana. Kisha anapeleka hojaji yenye kipengele: "Huwa unatumia Kiswahili darasani? (a) Mara zote (b) Mara nyingine (c) Hapana." Mwalimu anayejua kwamba sera inataka Kiingereza atachora duara kwenye (c), kisha ataingia darasani na kueleza usanisinuru kwa Kiswahili, kama mwalimu mwema anayetaka watoto waelewe. Hojaji imepima kile ambacho mwalimu yuko tayari kukiri. Swali lilikuwa juu ya kile anachokifanya.

Dawa yake ni kukaa darasani, kwa ruhusa, ukirekodi vipindi vichache na kuhesabu na kusikiliza: Kiswahili kinaingia anapotoa fasili, anapotoa mfano, anapokemea, au anapoona nyuso zimepotea? Vipindi kumi na viwili vilivyosikilizwa kwa makini vitakuambia mengi kuliko hojaji mia mbili. Kama huwezi kupata ruhusa ya kukaa darasani, badili swali, liwe la maelezo ya walimu kuhusu ufundishaji wao. Usibaki na swali la vitendo na zana ya maneno.

Niko kwenye historia. Ushauri huu wa hojaji haunihusu. Nibaneje?

Historia hubanwa na vyanzo. Jiulize kilichobaki ni nini, na nani alikiandika au anakikumbuka.

Tuseme una mada "Mchango wa magazeti katika kukua kwa Kiswahili." Gazeti la serikali ya Tanganyika, Mambo Leo, lilianza 1923 na lilichapisha habari, mashairi na barua za wasomaji. Wakati huohuo usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa unaendelea: Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Basi una bawaba. Swali linaweza kuwa: "Kati ya 1923 na 1939, wasomaji walioandikia Mambo Leo walibishana nini kuhusu Kiswahili sahihi, na hoja zao zilibadilikaje baada ya 1930?" Kabla ya kulipenda mno, nenda maktaba. Anza na mkusanyo wa East Africana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa, uulize ni matoleo gani yapo na yako katika hali gani. Ukikuta miaka fulani haipo, kipindi chako kitafuata matoleo yaliyopo. Hilo si kushindwa, ni kazi ya mwanahistoria.

Vyanzo hubadilisha hata aina ya swali. Mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kwa sababu walioviona walikuwa bado hai. Leo hakuna wa kumhoji juu ya kupigana. Lakini unaweza kwenda Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa 27 Februari 1906 na ambako kuna makumbusho na kumbukumbu ya kila mwaka, ukauliza: masimulizi ya familia za walionyongwa yanatofautianaje na yale yanayotolewa kwenye makumbusho? Mada ni ileile ya Majimaji. Swali limehama kutoka kwenye vita kwenda kwenye kumbukumbu, kwa sababu ushahidi ulio hai uko huko.

Na kwenye fasihi?

Epuka "Dhamira katika riwaya za mwandishi fulani." Dhamira zipo, na kuziorodhesha si utafiti. Chagua kifaa kimoja cha kisanaa na uulize kinafanya kazi gani ambayo wahakiki waliotangulia hawajaieleza: kwa nini msimulizi ananyamaza kwenye matukio fulani, kwa nini wahusika wa aina fulani hawapewi majina, au barua zinabadilishaje anachokijua msomaji. Matini mbili zinatosha umahiri kama zina sababu ya kukaa pamoja.

Niwe na maswali mangapi?

Swali kuu moja. Maswali mahususi mawili hadi manne, na kila moja liwe hatua ya kulijibu lile kuu. Kama swali mahususi la tatu linaweza kufutwa bila kuliumiza swali kuu, lifute. Na tafadhali usiweke swali mahususi la "nini kifanyike kutatua changamoto hizo." Mapendekezo hutokana na matokeo; hayakusanywi kwa hojaji.

Swali likianza na "Je" ni kosa?

Si kosa. "Je" hutaka ndiyo au hapana, na wakati mwingine ndiyo au hapana ni jambo kubwa, hasa kwenye tafiti za kiidadi, yaani za takwimu, zenye nadharia tete. Kwa tafiti za kitaamuli, yaani za maelezo, maneno kama "vipi", "kwa namna gani" na "ni nini kinachotofautisha" hukupa nafasi zaidi. "Kwa nini" litumie kwa uangalifu, kwa sababu linadai umekwisha kuthibitisha kwamba jambo lenyewe lipo.

Kuna jaribio la haraka la kupima swali langu?

Ninalotumia ni hili. Andika majibu mawili yanayopingana, kila moja sentensi moja, kana kwamba utafiti umekwisha. Kisha jiulize: mtu mwenye akili timamu na anayeijua fani anaweza kuamini lolote kati ya haya? Kama jibu moja ni la kipuuzi, huna swali. "Uhaba wa vitabu unaathiri ujifunzaji" na "Uhaba wa vitabu hauathiri ujifunzaji": hakuna atakayesimama upande wa pili, kwa hiyo acha.

Ukipita hapo, andika ungeona nini uwandani kama dhana yako si kweli. Mtafiti asiyeweza kulijibu hili atarudi na kile alichoondoka nacho.

Vibali, muda na pesa vinahusianaje na swali?

Vinahusiana moja kwa moja, na ni unyonge kujifanya havipo. Tanzania Bara vibali vya utafiti viko chini ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na tafiti za afya hupita pia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mwanafunzi aanze na ofisi ya utafiti ya chuo chake, kwa sababu barua ya chuo ndiyo humpeleka kwa mamlaka za mkoa na wilaya. Swali linalogusa wagonjwa, watoto, wafungwa au wahanga wa ukatili litachukua muda mrefu zaidi kwenye kamati ya maadili, na ndivyo inavyofaa. Kama una miezi sita tu, pima kama unaweza kulibeba kwa heshima wanayostahili watu hao.

Kalenda ya uwandani nayo isome kabla. Ukifika kwa mkulima wa mwani siku za bamvu ukitaka mahojiano ya saa moja, unamnyima mavuno. Nenda siku za maji mafu. Walimu usiwaendee wiki ya mitihani.

Naweza kubana kupita kiasi?

Ndiyo, ingawa hutokea kwa nadra. Dalili yake ni kwamba jibu halimhusu mtu yeyote nje ya hao uliowahoji, hata kwa kulinganisha. Dawa si kupanua sampuli, bali ni kueleza kesi yako ni mfano wa jambo gani. Wanawake wa kijiji kimoja cha mwani ni mfano wa wazalishaji wadogo wanaotakiwa kubadili mbinu kwa sababu ya joto la bahari. Sentensi hiyo moja ndiyo inayomfanya msomaji wa Kilifi au wa Mtwara aendelee kusoma.

Programu za akili unde zinaweza kunipa swali?

Zinaweza kukupa vichwa ishirini kwa dakika, na karibu vyote vitakuwa vya aina ile ya "Athari za… katika…". Zinaweza pia kukutajia makala ambazo hazipo, zenye majina ya watafiti wa kweli. Zitumie kukuhoji ukipenda: ziambie zipinge swali lako. Lakini mgongano kama ule wa kotonii na bei yake huuona mtu aliyesoma na kuwasikiliza wahusika. Angalia pia kanuni za chuo chako, kwa sababu vyuo vinatofautiana.

Msimamizi amelikataa swali langu tena. Nifanye nini?

Muulize amelikatalia wapi: kwenye thamani yake, kwenye ushahidi, au kwenye maneno. Ni magonjwa matatu tofauti. Nenda ukiwa na karatasi moja tu yenye swali, majibu mawili yanayopingana, ushahidi wa kila jibu, na mahali utakapoupata. Mwambie kwa adabu, "Mwalimu, naomba unioneshe mstari unaokusumbua." Akikupa mada yake mwenyewe, ipokee kama mada na uitafutie mgongano wako ndani yake, kwa sababu utaishi nayo mwaka mzima au zaidi, na lazima iwe na kitu unachotaka kwa dhati kukijua.

Naweza kubadili swali nikiwa tayari uwandani?

Unaweza, ukitoa taarifa. Andika kilichokufanya ubadili, tarehe yake, na data ipi ilikusanywa kabla na ipi baada. Mjulishe msimamizi kabla ya kuendelea. Kama mabadiliko yanagusa watu wapya au taarifa nyeti zaidi, rudi kwenye kamati ya maadili kwanza. Usilopaswa kulifanya ni kubadili swali baada ya kuona matokeo, kisha ukaandika sura ya kwanza kana kwamba uliliuliza hivyo tangu mwanzo.

Kichwa cha tasnifu nikiandike lini?

Weka cha muda ili fomu zipite. Cha kudumu kiandike baada ya sura ya matokeo, kisha angalia kama chuo chako kinahitaji fomu ya kubadili kichwa, na ujaze kabla ya kuwasilisha nakala za watahini.